Mama Kendi Yuko Majini

Namsalimu kila mtu, lakini kwanza namsalimu yule anayesoma haya akiwa amelala chali, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili kama mtu aliye juu ya lori. Nakujua. Nilikuwa hapo. Usiinuke kwa heshima yangu, soma hivyo hivyo.

Naitwa Kagendo. Kwa Kimeru jina hili linatokana na kutembea, na kwa miaka mingi nililitendea haki. Nauza ndizi soko la Gakoromone, ambako wananiita Mama Kendi, na wasionipenda wananiita Redio. Lori la ndizi likiingia asubuhi, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupanda juu kuchagua mikungu, na nilishuka na mkungu mgongoni bila kushikwa mkono na mtu. Kutwa nzima nilikuwa wima nikiita wateja. Jioni nilipanda hadi Kaaga, tulikopanga vyumba viwili, nikiwa na binti yangu Kendi mgongoni, na bado nilibaki na nguvu za kugombana na mume wangu kuhusu aliyeacha maharagwe yakaungua.

Mume wangu ni Mugambi, fundi wa kuchomelea vyuma. Ni mtu wa maneno machache. Mimi nikigomba, yeye hunyamaza na kutafuta kitu cha kukaza skrubu. Tangu anioe sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata siku aliyojichoma mkono. Nawaomba mlikumbuke hilo.

Ugonjwa ulianza na mafua, mafua ya kawaida ya msimu wa baridi. Nilikunywa chai ya tangawizi, nikapaka dawa ya kifua, nikaenda kazini. Kendi alikuwa bado anatambaa wakati huo. Kisha asubuhi moja nilifungua macho nikaona balbu inakimbia darini. Nikadhani ni tetemeko la ardhi. Nilishika ukuta, ukuta nao ukaondoka. Nikamwita Mugambi, na kabla sijamaliza jina lake nikatapika juu ya mkono wake. Nilijaribu kusimama nikaanguka upande wa kushoto, nikajaribu tena nikaanguka upande ule ule, nikagonga jiko.

"Macho yako yanacheza," Mugambi akasema. "Yanarukaruka. Mama Kendi, niangalie."

"Nakuangalia! Wewe ndiye hutulii!"

Alinibeba. Kliniki ya kwanza walisema ni malaria na taifodi, wakanitundikia maji. Ya pili walisema presha. Ya tatu waliniuliza kama nina mimba, na kijana mmoja mle ndani akainamia uso wangu, akanusa, akamwuliza Mugambi nilikuwa nakunywa nini jana. Nilikuwa nanuka matapishi tu, maana sikuwa na kingine cha kunuka. Nilitaka kumtukana lakini kila nikifungua mdomo kilitoka kitu kingine.

Mwishowe tulielekezwa kwa daktari wa masikio, mama mmoja mdogo wa umbo mwenye mikono ya nguvu. Alishika kichwa changu, akakizungusha ghafla huku anatazama macho yangu. Nilipiga nduru. Alipomaliza aliketi mbele yangu akazungumza pole pole.

"Mama Kendi, huna wazimu, na sioni dalili ya uvimbe kwa ubongo. Ndani ya sikio kuna neva ya usawa. Virusi vya yale mafua vimeumiza ile ya kushoto. Sasa ubongo wako unapata habari za upande mmoja, ndio maana unaona dunia inazunguka."

"Itapona?"

"Inaweza kupona, inaweza isipone. Lakini ubongo utajifunza kuishi bila hiyo, ukiufundisha. Tembea. Geuza kichwa. Utatapika, utaogopa, lakini tembea. Ukilala tu, utabaki hivi."

Sasa mtauliza kwa nini sikutembea, nami nilikuwa nimeambiwa na mtu aliyesoma. Nitawaambia.

Kule kuzunguka kwenyewe kulipungua baada ya wiki chache. Kulibaki kuyumba, kama vile sakafu ni godoro. Nilianza kwenda mlangoni nikishika viti. Siku moja Kendi alilia, nikamwinua. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi ya saruji, jirani akaniita kutoka upande wa kushoto, nikageuka nimjibu. Ardhi ikakimbia. Nilianguka na mtoto. Kidevu chake kilipasuka kwenye ukingo wa ngazi, na damu yake ikaingia kwenye kitambaa changu cha kichwa. Hadi leo ana kovu pale chini ya mdomo.

Mama yake Mugambi alikuja kutoka Kianjai siku iliyofuata. Ni mama wa kanisa, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Aliniosha, akanipikia uji, akamfunga Kendi mgongoni. "Mtoto ataenda na mimi," akasema. "Ukisimama vizuri, atarudi." Hakusema kwa ubaya, na ningependa angesema kwa ubaya, kwa sababu ningepata mtu wa kumchukia.

Baada ya hapo sikuthubutu kuinuka. Nilitambaa. Nilitambaa kwenda kwenye beseni, kwa sababu choo kilikuwa nje, mbali, na mara nyingi beseni nalo sikulifikia kwa wakati. Mugambi aliniosha kabla ya kwenda kazini na aliporudi. Ngozi ya magoti yangu ikawa ngumu kama kisigino. Nywele zilifungana nyuma kwa kulala. Nikasikia moyo ukidunda masikioni, vidole vikikakamaa, kwa kufikiria tu kwamba kesho nitahitaji kuketi. Daktari alisema kwa simu kwamba ugonjwa wenyewe umeshapita, kilichobaki sasa ni hofu. Nilimjibu kwamba hofu yenyewe inanitapisha, kwa hivyo aniambie tofauti ni gani.

Kendi alijifunza kutembea akiwa Kianjai. Mugambi alitumiwa video, akaja mbio kutoka kazini bila kunawa, akanishikia simu mbele ya uso. Niliona gauni la manjano likiyumba uani, mguu mmoja, mwingine, kisha picha ikageuka na tumbo langu likageuka nayo. Nilitapika kando ya kitanda. Nilijaribu mara nyingine, nikatapika tena. Kitu chochote kilichosogea kwenye kioo kilinimaliza. Sikuweza kumwona mtoto wangu akitembea, hata kwa simu. Mugambi alizima simu akaiweka mfukoni.

Halafu Jumapili moja walimleta. Alisimama mlangoni, amekua, ameshika kidole cha nyanya yake. Nilitambaa kwenda kumsalimu. Akaniangalia, akacheka, naye akapiga magoti chini akaanza kutambaa kuja kwangu. Alidhani huo ndio mchezo wa mama yake. Nyanya yake alimwinua haraka sana, na Mugambi akatoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Sitaficha kwamba nilimwomba Mungu anichukue. Nilimwomba kwa sauti, kwa Kimeru, ili asiseme hakuelewa. Nilimwambia Mugambi aoe mwingine, nikamtajia na majina ya wanawake wa sokoni wenye miguu mizuri. "Nyamaza, Mama Kendi," ndilo jibu lake.

Kulikuwa na neno moja la Kiswahili nililochukia kuliko yote. Simama. Kila aliyekuja alikuwa nalo. Simama, jikaze. Simama kwa imani. Akina mama wa kanisa walikuja wakajaa chumbani, kiongozi wao akasema, "Sasa tusimame tuombe," nao wakasimama wote, nami nikabaki sakafuni katikati ya viatu. Nilizijua soli zao zote. Mtu pekee ambaye hakuwahi kuniambia neno lile, hata mara moja, ni Mugambi.

Dada yangu mkubwa, Karimi, ameolewa Mbeere, kule chini Embu, kwenye joto na mbuzi. Aliposikia hali yangu alikuja na gari la kukodi, akanilaza nyuma juu ya godoro, akaniambia kwamba kwake hakuna ngazi na hakuna mtu wa kuja kunitazama. Mugambi alikubali. Alihitaji kulala angalau wiki moja, ingawa hakusema.

Mume wa Karimi ni Nyaga, mkulima wa muguka, yale majani ya kutafuna, na shavu lake moja huwa limejaa tangu asubuhi. Chini ya shamba lao kuna ziwa dogo lililotokana na bwawa, la maji ya rangi ya chai. Na kwenye ziwa hilo kulikuwa na kichekesho cha kijiji kizima, jirani yao aitwaye Ireri.

Ireri alifanya kazi miaka mingi kwenye hoteli za pwani, akifundisha wageni kusimama juu ya ubao mrefu majini na kuusukuma kwa kasia moja. Kazi ilipoisha alirudi nyumbani na mbao zake mbili, zile za kujazwa upepo kwa pampu. Wikendi watu wa mjini humjia na kumlipa. Huwapeleka katikati ya ziwa, huwaambia wafumbe macho, kisha huwaongoza kwa sauti, wapumue, watulize fikira. Pale kijijini zile mbao huitwa milango. "Watu wenye akili zao," Nyaga aliniambia, "wanatoka mbali kuja kusimama juu ya mlango na kufunga macho. Si hata kitanda kina bei nafuu?"

Ireri alinikuta nikitambaa kutoka jikoni kwa Karimi. Hakusema pole. Alichuchumaa.

"Ni ardhi unaogopa?"

"Ardhi inayumba."

"Basi wachana nayo. Kuja kwa maji. Huko kila mtu anayumba, hakuna mtu atajua wewe ni mgonjwa."

Nilikasirika, na usiku kucha maneno yake yakanikaa. Tangu niugue, nilikuwa peke yangu ndani ya dunia inayoyumba. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuna mahali ambapo hata wazima huyumba. Asubuhi nilimpigia daktari. Alicheka, kisha akasema, "Jaketi la kuelea. Maji yasipite kiuno. Mtu akushike. Na uanze umelala."

Nyaga alinibeba mgongoni hadi majini kama gunia. Walinilaza kwa tumbo juu ya ubao, Ireri akiwa ndani ya maji ameushika. Nilitapika papo hapo, na samaki wadogo wakaja kula.

"Umelisha samaki," Ireri akasema. "Tuendelee."

Nilimtukana kwa Kimeru. Kimbeere na Kimeru haviko mbali sana, kwa hivyo nadhani alipata kama nusu.

Kisha akaanza ile sauti yake. Kama watu wengi wa kwao, akizama kwenye sauti hiyo hugeuza L kuwa R, na hata leo nikitaka kutulia nasikia Kiswahili kile kile. "Funga macho. Usitafute ardhi, haijaenda mahari. Sikia tu penye ubao unagusa tumbo. Pumua. Achiria taya. Achiria mabega." Mimi ni mtu wa maombi, nikamwuliza ni nani hasa ananiita niongee naye huko gizani. "Hakuna mtu," akasema. "Ni wewe na tumbo yako."

Msidhani nilitulia. Macho yakifungwa ndipo nilipoanguka zaidi, ndani kwa ndani, bila mwisho. Moyo ulidunda hadi nikaona meno yanauma. Vidole vilikakamaa. Nililia kwamba nakufa.

"Hiyo ni hofu imekuja," sauti ikasema, bila haraka. "Kwenu mnasarimiana aje?"

"Muga," nikasema, nikilia.

"Basi isarimie. Usiikaribishe chai. Sarimia tu, ipite."

Nikasema muga kwa hofu yangu, mdomo umebanwa kwenye plastiki, kamasi zinanitoka. Ilirudi, nikaisalimu. Ilirudi tena. Sokoni huwa nawasalimu watu nisiowapenda kutwa nzima, na nikaona kazi hii ninaiweza.

Tulienda kila asubuhi. Kutoka kulala nikafika kuketi, na kutoka kuketi nikafika kupiga magoti, Ireri akiwa kwenye ubao wake karibu nami na kamba imetufunga pamoja. Nchi kavu nikaanza kwenda na fimbo, nikipapasa ukuta. Lakini juu ya ubao nilikwama magotini. Ireri hakuniambia niinuke. Kila nilipofikiria kuinua goti moja, niliona kidevu cha Kendi.

Kisha mambo yakaharibika. Nilitelezea majini, maji yakaingia sikioni, na jioni ile balbu ikaanza tena kukimbia. Nilitapika usiku na mchana. Nilimwambia Karimi kwamba imerudi, kwamba nimedanganywa na mtu wa milango, kwamba asinibebe tena popote. Nililala nimeelekea ukuta. Yale yalikuwa mabaya kuliko mwanzo, kwa sababu mwanzo sikuwa na tumaini la kupoteza. Nilihesabu nani angemlea Kendi, nikaona tayari analelewa. Nikaona kwamba hakuna pengo ningeacha. Karimi aliketi sakafuni kando ya kitanda, akachambua pojo huko huko chumbani, akakataa kuondoka.

Nilirudi ziwani kwa sababu moja tu, na si ushujaa. Kitanda kilikuwa kinanitikisa kuliko ule ubao.

Sasa nifike pale ambapo Kiswahili kilituponza.

Asubuhi hiyo Mugambi alikuwa Kianjai kumwona mtoto. Akapiga simu yangu, nami nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nyaga akaipokea, shavu limejaa muguka. Hao wawili wakizungumza hutumia Kiswahili, maana kila mmoja hudai lugha ya mwenzake inamchekesha. Mugambi aliweka simu kwa sauti kubwa ili mama yake naye asikie habari zangu.

"Mama Kendi ako wapi?"

"Ako majini."

"Ako wapi?"

"Majini! Ako na Ireri. Hata sasa ni mzoefu. Huenda kila asubuhi, anafunga macho, Ireri anamwongelesha pole pole, anamwambia aachilie kila kitu. Juzi alianguka akapiga nduru, lakini Ireri anasema mwanzo watu huanguka."

Nyaga alimaanisha kwenye maji, na alidhani ametoa habari njema. Lakini katika kanisa la Kianjai neno majini lina maana moja peke yake, na ni wale wanaokemewa kila ibada. Mama mkwe hakungoja simu ikatike. Alichukua Biblia, akamfunga Kendi mgongoni, akamwambia mwanawe, "Twende, wamemkabidhi Mama Kendi kwa mapepo." Mugambi alijaribu kupiga tena. Nyaga alikuwa ameenda shambani.

Kufika kwao ilikuwa alasiri, nami siku hiyo nilikuwa nimeshinda ziwani, na ubao haukuwa mbali na ufuo. Sikujua lolote. Nilikuwa nimepiga magoti, nimefumba macho, Ireri akisema mambo yake ya taya na mabega. Kulikuwa na kiupepo. Nikasikia kutoka ufuoni sauti ninayoijua, sauti ya kuamsha kijiji.

"Shindwe! Shindwe kwa jina la Yesu! Mwachilieni!"

Ireri akafungua macho. "Ni wageni wako?"

Kabla sijajibu, nikasikia maji yakipigwapigwa. Mugambi alikuwa ameingia na viatu na suruali yake ya Jumapili, anakuja, amemnyooshea Ireri kidole. Na Mugambi wangu, ambaye hajawahi kupaza sauti, alipiga kelele hadi ndege wakaruka.

"Simama! Simama hapo hapo!"

Alikuwa anamwambia Ireri aache. Alisema kwa Kiswahili kwa sababu Ireri si Mmeru. Kila mtu ufuoni alielewa hivyo, na Ireri akaacha kupiga kasia, akainua mikono juu kama mwizi.

Mimi sikuelewa hivyo. Nilisikia mtu ambaye aliniosha mwezi baada ya mwezi bila kunidai hata siku moja niinuke, na sasa ameniambia. Kama Mugambi amesema, basi ameona kitu. Basi inawezekana. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Nikaweka mikono ubaoni. Nikaleta mguu mmoja mahali goti lilipokuwa. Nikaleta wa pili. Ubao ulitetemeka, na miguu yangu ilitetemeka kuliko ubao. Mkojo ulinitoka ukateremka hadi kwenye visigino, nami nawaambia bila aibu kwa sababu wengine wenu mnajua. Nikaachilia mikono. Nikanyoosha mgongo polepole, macho kwenye bati la nyumba ya Karimi kule juu.

Nilikuwa wima. Upepo ulipita, ubao ukayumba, nami nikayumba nao, na wala sikuanguka. Mama mkwe alikuwa amebaki na mkono juu, "shind..." imemkwama kooni. Mugambi alikuwa amesimama ndani ya maji, mdomo wazi.

"Pumua," Ireri akasema kwa sauti ndogo, mikono yake bado iko juu.

Kisha kichwa cha Kendi kikachomoza nyuma ya bega la nyanya yake, upande wa kushoto, ule upande wangu mbaya. Niligeuka nimwone, na bila shaka nikaanguka majini kishindo.

Lakini miguu ilikuta matope. Maji yalikuwa ya kiuno. Nikainuka nikikohoa, nikaanza kutembea, mikono nimeipanua kama kuku anayekausha mbawa. Nilimpita Mugambi. Nilitaka kumwambia neno nikaogopa lingeniangusha. Mama mkwe aliniona natoka majini, nimelowa, natembea kwa miguu yangu, akarudi nyuma hatua moja. Aliinua Biblia.

"Wewe uliye ndani yake," akasema, "jina lako ni nani?"

"Kagendo, mama."

Halafu uso ukamvunjika, akaketi chini pale pale kwenye mavi ya mbuzi, akaanza kulia na kufungua leso aliyombebea mtoto.

Mimi niliketi pia. Sikuwa na wazimu wa kumwinua mtoto. Niliketi kwenye matope nikanyoosha mikono, na Kendi akawekwa chini, akanitazama kama anayeuliza leo mchezo ni upi. Kisha akaja. Alikuja akitembea, mguu mmoja, mwingine, kovu lake kwenye kidevu, nami nikamwangalia tangu hatua ya kwanza hadi akafika kifuani kwangu, na sikutapika.

Baada ya hapo tulimwuliza Nyaga alisema nini hasa kwenye simu, na hadi leo anaapa kwamba Kiswahili chake hakina kosa. Mama mkwe alimwomba Ireri msamaha, akamwuliza kama ubao ule unaweza kubeba mtu wa uzito wake.

Sijapona kama mnavyofikiria kupona. Gizani bado nashika ukuta. Nikigeuka kushoto ghafla, soko lote hupiga hatua kando bila mimi. Mikungu sasa nashushiwa, na kiti nimejinunulia. Lakini Kendi yuko nyumbani, na jioni tunapanda Kaaga pamoja, yeye akilalamika kwamba natembea polepole.

Namshukuru Mungu, ambaye nilimsema vibaya kwa Kimeru na hakununa. Namshukuru daktari wa masikio, na Karimi wa pojo, na mtu wa milango. Wewe uliyelala, ukizungukwa na dunia usikubali maji ya mshipa kila wiki bila mtu kukuangalia masikio. Ukiambiwa tembea, tembea vibaya, ukishika kiti, ukitapika. Kama huna ziwa, tafuta sauti moja ya mtu asiye na haraka, ikuongoze. Hofu ikija, isalimu ipite. Na ukianza kuona kwamba hutaacha pengo, mwambie mtu siku hiyo hiyo, hata kama atakujia na pojo za kuchambua.

Mugambi amerudia ukimya wake. Niliwahi kumwuliza kama anajua alichonifanyia siku ile. Akasema, "Nilikuwa naambia yule jamaa aache." Nikamwambia mimi nilisikia alivyosema. Tangu hapo nimeona kwamba akitaka kumzuia Kendi asikimbilie barabarani, husema ngoja. Akitaka pikipiki itungoje, husema shika breki. Lile neno lingine ameliweka, na hulitumia asubuhi tu, akiwa amenyoosha mkono kando ya kitanda.

"Mama Kendi," husema. "Simama."

Nami nasimama.